Bendeji za Ami Dilmurad

Kila alasiri, akishamsaidia mama yake kujaza mitungi kabla maji ya bomba hayajakatika, Granaz alichukua bendeji zake za kufungia mikono na kukimbilia klabu ya ngumi ya mtaani kwao Lyari, mjini Karachi. Bendeji hizo zilikuwa za baba yake, Mehrab. Zilikuwa zimefuliwa hadi zikapoteza rangi, tena ndefu mno kwa mikono ya msichana wa miaka kumi na miwili, lakini hakukubali zikatwe. Baba alifanya kazi bandarini Maskati, nchini Omani. Kila Idi alisema atakuja Idi inayofuata. Granaz alikuwa ameanza kuisahau sura yake, ila mkono wake wa kushoto aliukumbuka vizuri, maana ndio uliomfundisha ile ngumi fupi ya kushoto ambayo wenzake waliiogopa.

Klabuni kulikuwa na desturi moja ambayo hata wadogo waliijua. Pambano likiisha, aliyeshindwa humfungua aliyeshinda bendeji zake, taratibu, mbele ya watu wote. Kununa hakuruhusiwi. Baada ya hapo huenda pamoja kunywa chai kwa Ami Dilmurad, bondia wa zamani aliyeuza chai ya maziwa pale mlangoni. Birika lake lilikuwa limevunjika kishikio, kwa hiyo kila siku alijizungushia kitambaa kirefu mkononi asiungue.

Jumapili moja, baada ya mazoezi, watoto waliketi na vikombe vyao wakaanza ubishi wao wa siku zote: katika historia nzima ya ngumi, ni nani aliyekuwa mgumu zaidi kushindwa?

"Muhammad Ali! Mnabishana nini?" alisema Shahdad. "Baba yangu anasema ukirusha ngumi, yeye hayupo tena hapo."

"Ali si alipigwa na Frazier?" alidakia Zarina. "Baba yangu anasema Marciano. Yule alistaafu bila kushindwa hata mara moja!"

"Marciano alipigana na wazee."

"Bibi yako ndiye mzee. Nenda kazipige naye tukuone!"

Mwalimu Bijjar, kocha wao, alicheka hadi chai ikamwagikia shati. Granaz hakucheka. Baba yangu anasema, baba yangu anasema! Kila mtu alikuwa na baba wa kusema.

"Mgumu kuliko wote ni baba yangu," alisema kwa sauti. "Hakuna aliyewahi kumshinda."

"Acha kutia chumvi, wewe!" Shahdad alisema. "Babu yangu anasema baba yako alicheza fainali na Ami Dilmurad."

Hilo Granaz alikuwa halijui. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Ndiyo, na baba akashinda. Aliniambia mwenyewe! Muulizeni Ami kama nasema uongo."

Wote walimgeukia Dilmurad. Mzee yule alimtazama Granaz, kisha akazitazama zile bendeji zilizochujuka. Akanyanyua birika lake.

"Mehrab alikuwa mgumu kweli kweli," alisema, akaendelea kumimina chai.

"Kumbe Ami ulichapwa!" Shahdad alipiga kelele. Kuanzia siku hiyo watoto wakamwita Ami Nokauti. Dilmurad alitabasamu tu. Granaz kila akilisikia jina hilo aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ijumaa, siku ya mapumziko ya baba, simu iliita. Granaz aliikwapua kabla mama hajaifikia.

"Baba, nimekutetea! Nimewaambia ulimpiga Ami Dilmurad kwenye fainali."



"Nani kakwambia nilimpiga?"

"Nilisema... nilisema umeniambia wewe."

"Na Dilmurad mwenyewe alisemaje?"

"Alisema ulikuwa mgumu kweli kweli."

Baba alicheka kidogo. "Ah, Dilmurad! Alinipiga, mwanangu. Alinipiga nikaona nyota mchana. Nilimfungua bendeji huku pua yangu inavuja damu, nikamuuliza, ile ngumi ya kushoto umeitoa wapi? Kesho yake akaanza kunifundisha. Ndiyo hiyo niliyokufundisha wewe."

Granaz aliutazama mkono wake wa kushoto.

"Mbona hakusema? Wenzangu wanamcheka, Baba, na yeye ananyamaza."

"Anajua niko mbali. Angesema, wewe ungebaki na nini?"

Hapo machozi yakamtoka Granaz. "Nilitaka wakujue. Wao baba zao wapo. Mimi nina bendeji tu."

"Najua, kipenzi changu. Na mimi huku nikiona mtoto wa watu anacheza, nageuza uso. Lakini ukiwadanganya, watamjua mtu mwingine kabisa. Mimi mwenyewe simjui huyo bwana asiyeshindwa. Waambie habari zangu mimi."

Jumapili iliyofuata ilimkuta Granaz amesimama karibu na birika.

"Ami Nokauti, chai!" aliita Shahdad.

"Msimwite hivyo," alisema Granaz. "Nilidanganya. Baba hakuniambia kitu. Ami Dilmurad ndiye aliyeshinda fainali."

Kabla mtu hajasema neno, aliushika mkono wa mzee na kuanza kukifungua kile kitambaa, taratibu, mbele ya watu wote.

"Wewe binti, birika litaniunguza!" Dilmurad alisema, na watoto wakacheka. Kisha akamwachia mkono wake. "Baba yako naye alianzia kwenye kidole gumba," alisema kwa sauti ya chini.

Granaz alipomaliza, Shahdad aliinuka, uso umemshuka. "Tusamehe, Ami."

"Keti unywe chai, inapoa."

Mwalimu Bijjar aliweka kikombe chake chini. "Mnajua kwa nini hapa tunafunguana bendeji mbele za watu? Kushindwa hakuna aibu. Ali alishindwa, na bado mnamtaja kila Jumapili. Aibu ni kumtwika mwenzako kushindwa kusiko kwake, ukamwacha anachekwa. Leo Granaz ameshindwa na ukweli na amekubali mbele yetu. Mkikosea, fanyeni hivyo hivyo, na msingoje."

Granaz alifuta macho. "Ami," aliuliza, "baba alipiganaje siku ile?"

Dilmurad akasogeza birika pembeni na kumpisha akae kwenye benchi.

"Raundi ya kwanza nilidhani nimekwisha," alianza. "Kengele imelia tu, huyo, ananijia kichwa chini kama fahali, na jamaa zake wanapiga ngoma mtaa mzima unatikisika..."

Granaz aliketi na kile kitambaa mapajani, bado kina joto la mkono wa mzee, akamsikiliza baba yake akipigana.