Juisi ya Majani na Mguu wa Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pindo zake hazikufumuka. Miezi mitatu nyuma, bonge la damu liliziba mshipa wa mguu wake wa kushoto. Tangu hapo alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande, kila siku, saa ileile.

Asubuhi hiyo mguu ulikuwa umevimba tena.

"Kunywa, wifi," dada wa mumewe alisema, akimsogezea glasi ya juisi ya mchicha. "Umepauka. Hii inaongeza damu." Ilikuwa wiki ya pili ya juisi hiyo, glasi tatu kwa siku.

"Niache! Dawa za kliniki ni feki. Leo watanitambua."

Alifika kliniki akichechemea, amefura kwa hasira. Akakibwaga kichupa cha vidonge mezani kwa muuguzi.

"Mmenipa chaki!"

Muuguzi hakubishana. Alimtoa damu, ikapimwa. Alipoyasoma majibu, akakunja uso. "Damu yako inaganda upesi mno. Dawa unameza?"

"Unaniona mtoto?"

"Basi chakula ndicho kimebadilika?"

Mama Pindo akaitaja juisi, shingo upande.

"Ndiyo hiyo!" muuguzi alisema. "Majani ya kijani yana vitamini K nyingi. Ni kitu kizuri. Ukijikata, inasaidia damu kuganda. Hata mifupa inaihitaji. Lakini kidonge chako kinaipunguza nguvu. Ukiizidisha ghafla, kidonge kinashindwa."

"Basi sili jani tena!"

"Hapana! Ukiacha ghafla, kidonge kinazidi nguvu. Unaweza kuvuja damu, hata ndani ya mwili. Kula mboga kama ulivyozoea, kiasi kilekile wiki hadi wiki. Ukitaka kubadilisha, tuambie kwanza. Na dozi usiiguse mwenyewe."

Mama Pindo aligonga meza. "Miezi mitatu nakuja hapa! Mnanidunga, mnaandika, mnaniambia nenda. Neno hili moja liliwashinda nini?"

Muuguzi aliinamisha macho. "Tulipaswa kukuambia siku ya kwanza. Nisamehe."

"Samahani yako haishushi uvimbe."

Daktari alimpima mguu, akamwanzishia sindano za kuzuia damu isigande, akapanga upya dozi. Damu ikapimwa mara kwa mara. Nyumbani, wifi yake alilia. "Kumbe nilikuwa nakuua!"

"Hukujua. Mimi pia sikujua. Waliojua ndio walionyamaza."

Baada ya wiki kadhaa uvimbe ulishuka na majibu yakawa mazuri. Lakini hasira haikushuka. Siku ya kliniki, muuguzi alipotoka na mafaili, Mama Pindo alisimama mbele ya mabenchi ya wagonjwa.

"Kabla hujaita jina la mtu, waambie habari ya mboga. Wote wasikie."

Muuguzi aliweka mafaili chini, akaeleza polepole. Alipomaliza, dereva mmoja akainua mkono.

"Dada, mimi nameza kidonge hichohicho. Mboga niliacha kabisa tangu wiki iliyopita. Na leo fizi zinatoka damu."

Muuguzi akamshika mkono, akamwingiza ndani kabla ya wote.