Neno la Siri la Kompyuta ya Mama

Kila asubuhi katika likizo ile ya Aprili, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubonyeza kitufe cha kompyuta. Sikuketi kuingoja, ningeingoja hadi lini? Nilichukua ndoo nikaenda kumkamua ng'ombe. Nikirudi nilifagia ua, nikakoroga uji wa wimbi, nikamwamsha ndugu yangu Duke mara ya kwanza na ya pili. Nilipomaliza hayo yote, kioo cha kompyuta ndiyo kwanza kilikuwa kinaonyesha picha ya maua. Hapo ndipo nilipomwita Mama.

"Imeamka, Mokeira?" Mama aliuliza.

"Inapiga miayo," nilimjibu.

Mama hakucheka. Siku hizo hakuwa na nguvu za kucheka. Yeye ni mwalimu, watu humwita Mwalimu Persis, na hufundisha watoto wadogo katika shule moja huko Kiogoro. Kwa miaka minne alikuwa akisomea shahada wakati wa likizo, huku akilima, akifua na kutulea, maana Baba anafanya kazi katika kiwanda cha majani chai huko Nyamira na huja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kilichobaki kilikuwa ripoti moja ndefu kuhusu jinsi watoto wanaozungumza Ekegusii nyumbani wanavyojifunza kusoma Kiswahili shuleni. Mwaka uliotangulia hakuimaliza kwa sababu Magokoro, yaani nyanya yetu, alilazwa hospitalini miezi miwili. Safari hii Mama alikuwa amesema neno ambalo lilinikaa moyoni.

"Ripoti hii isipofika kwa wakati, nitaacha masomo. Nimechoka, wanangu. Mtu huchoka."

Mwisho wa kuituma ulikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Lakini sisi ni Waadventista, na Sabato huingia Ijumaa jua linapotua. Kuanzia hapo hadi Jumamosi jua litue, Mama hagusi kazi, hata umsihi vipi. Kwa hiyo wenzake walikuwa na siku nzima ya ziada, na sisi huku kwetu Nyanchwa tulikuwa na Ijumaa kabla ya jua kutua.

Kompyuta yenyewe Baba aliinunua kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha mitambo yake, Duke akiwa bado anatambaa. Sasa Duke ana miaka kumi. Kisanduku cha kompyuta, kile chenye mitambo ndani, kilikaa pembeni mwa sebule kati ya ukuta na kochi. Mama alikuwa amekifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua ya kijani, kikakifunika juu, ubavuni na nyuma hadi chini. Kwetu kila kitu cha maana huvaa kitambaa: makochi, redio, hata mtungi wa maji. Mama alisema kuacha kompyuta uchi mbele ya wageni ni aibu.

Tangu mwezi wa Machi mashine hiyo ilikuwa imezidi kuwa nzito. Ukiandika neno, ulingoja herufi zitokee moja moja. Matangazo yalijitokeza yenyewe na kuziba kioo. Mama alimshuku Duke, kwa kuwa ndiye aliyependa kucheza mchezo wa kandanda humo. Akamkataza kuigusa, na zamu zote za kumkatia ng'ombe majani ya nepia zikawa zake, hata zile zangu.

"Si mimi, Mama," Duke alisema.

"Nimechoka kusikia si mimi, si mimi. Ni nani basi? Paka?"

Nilikuwa mlangoni, nimeshika ufagio. Nilijua ni nani. Nikaendelea kufagia.

Ilikuwa hivi. Jumapili moja ya Machi, Duke akiwa Nyamira kwa Magokoro, nilimkuta Mama amelala hali ameketi, shavu juu ya kibodi, akingoja ukurasa mmoja ufunguke. Nilimwonea huruma sana. Nilimshika mkono nikampeleka kitandani, kisha nikaketi mahali pake. Tangazo likatokea kwenye kioo likisema kwamba kompyuta yoyote nzee ingekuwa kama mpya ukibonyeza mara moja tu. Mama alikuwa na sheria yake: kitu chochote kisiwekwe humo bila yeye kuulizwa. Nilibonyeza. Programu ile ikaifanya kompyuta kuwa mbaya zaidi, nikaweka ya pili ili iiondoe ya kwanza, kisha ya tatu. Hiyo ya tatu iliniomba niifunge kwa neno la siri, nikaifunga. Sikumwambia mtu.

Basi Ijumaa yenyewe ikafika. Saa nne asubuhi Mama alikuwa amebakiza kurasa mbili. Kompyuta ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri, na kitambaa chake kilikuwa na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mara kioo kikawa cheusi. Mama aliiwasha, ikawaka kidogo ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Hakupiga kelele. Alilaza kichwa juu ya meza.

"Nakala niliyohifadhi kwenye flashi ni ya Februari," alisema. "Kazi yote ya tangu hapo imo humo ndani. Maji yamezidi unga."

Afadhali angenigombeza. Kumwona amelaza kichwa vile kulinichoma kuliko fimbo.

Baadaye alijikaza, akakivika kisanduku kitambaa chake, akakifunga kwa koti la mvua la Baba na kupanda pikipiki akiwa amekipakata. Mimi na Duke tuliteremka mlima kwa miguu tumfuate. Tulikuwa tukienda kwa Mama Firdaus, fundi wa kompyuta mwenye duka dogo karibu na soko mjini Kisii. Jina lake ni Janat, lakini hapo mjini kila mtu humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tulipofika, duka lilikuwa limefungwa. Ilikuwa Ijumaa, na yeye hufunga wakati wa swala hadi saa nane.

Tuliketi kwenye baraza mvua ikinyesha. Mama alikuwa akitazama saa. Duke alitoa ndizi mfukoni, akaikata katikati, akanipa nusu iliyo kubwa. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya nepia. Niliishika ile ndizi nisiile.

Mama Firdaus alikuja saa nane na dakika chache, akatukaribisha, akamsikiliza Mama bila kumkatiza. Kisha alifungua koti la mvua, akakiona kitambaa.

"Mwalimu, hiki kilikuwa njiani tu, au hata nyumbani hukivaa?"

"Hata nyumbani. Mimi huifunika vizuri ili vumbi lisiingie."

Mama Firdaus alitabasamu. Aliondoa skrubu, akavuta ubavu wa kisanduku. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu zito kama blanketi, na feni ndogo ilikuwa imezongwa na nyuzi nyeupe na za kijani.

"Mashine hii hupumua kwa matundu haya ya nyuma na ya ubavuni," alisema. "Feni huvuta hewa kuipoza. Nyinyi mmeivika sweta na kuiziba pua. Ikipata joto hupunguza mwendo, joto likizidi hujizima isiungue."

"Miaka yote hii nimekuwa nikikifua kile kitambaa kila wiki," Mama alisema polepole. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kumbe naiua kwa usafi."

Mama Firdaus alipuliza vumbi kwa kipulizo, akasugua kwa brashi laini, akakata nyuzi kwenye feni kwa wembe. Aliongeza na kipande cha kumbukumbu cha kuiongezea kasi, alichokuwa amekitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Alipoiwasha, haikuzima tena. Nilianza kupumua. Lakini ilikuwa bado inajikokota, na yale matangazo yakajaa kioo kama kawaida. Akabonyeza hapa na pale, akakunja uso.

"Kuna programu tatu humu zinazodai kwamba zinaharakisha kompyuta. Ukiiwasha tu, zote tatu zinaamka na kuanza kupigana. Moja haitaki kutoka, inataka neno la siri la aliyeiweka, na tangu mashine izimike ghafla imezuia hata faili zisifunguke. Nani alileta hizi?"

Mama alimgeukia Duke. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Duke, kama unalijua hilo neno, sema. Sitakuadhibu."

"Silijui, Mama," Duke alisema, machozi yakimlengalenga. "Kweli silijui."

"Hakuna njia nyingine?" Mama akamwuliza fundi.

"Ipo. Nitaitoa diski niiunganishe na mashine nyingine, ninakili faili moja moja. Ila diski yenyewe ni nzee, sithubutu kuiharakisha. Labda kesho mchana."

"Kesho ni Sabato yetu," Mama alisema. Alikichukua kile kitambaa, akaanza kukikunja vizuri, kona kwa kona. "Basi. Nimejaribu vya kutosha. Asante, Mama Firdaus."

Mama Firdaus alikuwa anaangalia kioo. "Ziliwekwa Jumapili ya pili ya Machi," alisema, kisha akanitazama mimi. Nadhani alikuwa amekwisha kujua, maana jasho lilikuwa likinitoka na kulikuwa na baridi. Niliona Mama akikunja kona ya mwisho, nikajua akimaliza kukunja tutaondoka, na masomo yake yatakuwa yameishia hapo.

"Ni mimi," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

"Ni mimi niliyeziweka. Duke hakuwepo, alikuwa Nyamira. Nilitaka iwe na kasi. Kisha ikaharibika, nikaogopa. Nikamwacha Duke akate nepia."

Duke alinitazama kama mtu asiyenijua, nami nikatazama sakafu.

"Neno la siri ni lipi, binti?" Mama Firdaus aliuliza kwa upole.

"Mamapumzika. Herufi ndogo zote, bila nafasi."

Mama aliacha kukunja. Mama Firdaus aliandika, akabonyeza, na ile programu ikatoka. Akaziondoa na zile mbili, kisha akazima nyingine nyingi zilizokuwa zikijiwasha zenyewe asubuhi bila kuitwa. Ripoti ilipofunguka kwenye kioo, ikiwa nzima, saa ilikuwa kumi na nusu.

"Keti hapa hapa umalizie, Mwalimu," alisema. "Intaneti ipo. Haitakimbia kama kompyuta changa, usije ukadhani. Itatembea kama mtu mzima aliyelala vizuri."

Mama aliandika. Herufi zilikuwa zikitokea papo hapo chini ya vidole vyake, hata yeye mwenyewe alishangaa. Sisi tulikaa kwenye benchi la mbao. Nilimwambia Duke pole, nikamwambia tena, na mara ya tatu akasema, "Nimesikia. Lakini nepia utakata wewe." Nikakubali. Saa kumi na mbili kasorobo Mama alituma ripoti, akasubiri ujumbe wa kuthibitisha kwamba imepokewa, akaegemea kiti na kufumba macho.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," Mama Firdaus aliniambia akifunga kisanduku. "Vumbi nimeliona kwa macho yangu. Siri yako nisingeiona kamwe bila wewe kufungua kinywa. Mtu akikosea, asingoje mambo yaharibike ndipo aseme. Ukisema mapema, kutengeneza ni rahisi."

Tulipanda mlima wa Nyanchwa pamoja, mvua imekatika, Duke na Mama wakipokezana kisanduku na mimi nikibeba koti na kitambaa. Katikati ya njia Mama alisimama apumue.

"Duke, nisamehe, mura, kijana wangu," alisema. "Nilichoka hata nikashindwa kukusikiliza. Kuchoka si sababu ya kumhukumu mtu bila ushahidi." Kisha akanigeukia. "Nawe Mokeira, nimeona kwamba ulinitakia mema. Lakini wema uliofichwa nyuma ya uongo humwumiza mwingine. Umeona mikono ya ndugu yako?"

"Nimeiona, Mama."

"Nepia ni yako hadi shule zifunguliwe. Na siku nyingine ukitaka nipumzike, niambie ukweli. Huo ndio utakaonipumzisha."

Tulifika nyumbani jua likiwa bado linaonekana kidogo juu ya migomba. Mama alikiweka kisanduku mahali palipo wazi, mbali na ukuta, bila nguo yoyote. Kitambaa akakitandika kwenye meza.

Kesho yake tulitoka kanisani, tukala, na Mama akajinyoosha kwenye kochi kwa dakika tano, alivyosema. Alilala hadi jioni. Wageni wawili walipiga hodi, nikawapokea nje ili wasimwamshe. Ng'ombe alipoanza kulia njaa, nilichukua panga nikaenda kukata nepia, nikarudi, na Mama alikuwa bado amelala.