Koti la Kompyuta

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Chumba kilikuwa kidogo: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kimoja na kapu la vipande vya vitambaa. Binti yake alipiga pasi na kutia vifungo. Wote walimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi kidevuni. Siku nzima mama na binti walipiga soga huku kazi ikienda. Ilipokaribia saa kumi alasiri, mama alinyamaza.

Jumatatu moja Kidoti aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika tisa. Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. Wakatazama pembeni, kwenye meza ya kompyuta.

Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Taa nyekundu ikawaka. Feni zikaanza kuvuma. Kompyuta ilikuwa imevikwa koti la kitambaa, na lile koti likaanza kucheza. Likabonyea ndani, likatoka nje, likabonyea tena. Lilikuwa linapumua.

"Karibu, mwanangu," mama alisema, kwa sauti yake ya kila siku. "Pole na mizunguko."

Kidoti aliogopa, na aliona aibu kuogopa kitu cha nyumbani mchana kweupe.

Koti lile lilishonwa na mama mwenyewe kutokana na shati la Kepteni. Kepteni alikuwa kaka yake Kidoti. Rafiki zake walimpa jina hilo kwa sababu kwenye gemu yeye ndiye aliyewaongoza. Aliugua siku tisa tu, akafariki. Sasa ilikuwa miezi minane. Aliacha nguo, viatu, na diski moja ya kompyuta. Ndani ya diski ile kulikuwa na mji. Kepteni aliujenga kwenye gemu kwa miaka mitatu, nyumba baada ya nyumba.

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa. Kidoti akaamua kuunda nyingine ili mama auone mji huo. Alipata vipande kimoja kimoja: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, vijiti vya kumbukumbu, kadi ya picha, boksi la kuvifungia. Kilichobaki ni ubao mama, ambao mafundi wengine huuita madabodi. Huo ndio ubao mkubwa ambao vipande vyote vinachomekwa juu yake.

Walipokwenda dukani wote wawili, muuzaji aliweka mbao mbili mezani. Mmoja ulikuwa mpya, wa kijivu, hauna pambo lolote. Mwingine ulikuwa umetumika, mwekundu, una taa pembeni. Kidoti hakuuliza swali hata moja. Nyekundu ilikuwa rangi ya Kepteni. Mama naye alipapasa ule mwekundu kwa kiganja, kama anavyopapasa kitambaa, akasema, "Huu ndio wake."

Wakaubeba. Wiki ile ile kompyuta ikaanza kujiwasha.

Mwanzoni Kidoti alidhani amesahau kuizima. Akaizima mwenyewe, akakaa akiitazama. Saa kumi na dakika kumi ikawaka. Siku ya pili akachomoa kibodi na kipanya. Ikawaka. Kilichomtisha zaidi kilikuwa kwenye skrini. Gemu ilijifungua yenyewe. Mji wa Kepteni ukatokea, na mtu wake wa kwenye gemu akasimama mlangoni mwa nyumba, amewapa mgongo. Hakutembea. Mabega yake yalipanda na kushuka polepole.

"Kesho nachomoa waya wa umeme," Kidoti alisema.

"Thubutu," mama akajibu. "Utamfungia ndugu yako nje."

Tangu hapo mama hakutoka tena nyumbani alasiri. Aliweka kigoda mbele ya kompyuta, na mteja aliyetaka kukikalia aliambiwa kina mwenyewe. Mama alikuwa na ugonjwa wa presha. Tarehe yake ya kliniki ikafika, naye hakwenda kwa kuogopa kuchelewa kurudi. Mwezi uliofuata akaikosa tena. Dawa zikamwishia. Asubuhi aliamka na kizunguzungu, akashika ukuta hadi chooni. Kidoti alimwomba mpaka akachoka. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na kwenye simu mama alimwambia kila kitu ni shwari.

Baada ya Jumatatu ile, Jumanne alasiri ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua taratibu. Mama aliweka kiganja juu ya koti, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Ana homa," alisema. "Mguse. Kama zile siku zake za mwisho."

Kidoti aligusa. Kitambaa kilikuwa cha moto kweli, moto wa mwili wa mtu. Akatoa mkono haraka, akatoka nje bila hata kuvaa viatu vizuri.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na fundi kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa. Watu walimwita Bisibisi, kwa sababu hakosi bisibisi nyuma ya sikio. Kidoti alimkuta akipangusa vumbi kwenye feni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Kidoti akamweleza yote. Alitegemea kuchekwa. Bisibisi hakucheka.

"Kesho nitakuja kabla ya saa kumi," alisema. "Mpaka wakati huo, izime. Kuna nakala ya ile diski?"

"Hakuna."

"Basi kaizime sasa hivi."

Jumatano Bisibisi alifika mapema. Mama alimpokea kwa heshima, lakini uso ulikuwa mkavu.

"Mama Kepteni," fundi alisema, "sijaja kukuchukulia kitu. Nataka tukae tuone pamoja."

Jina hilo halikuwa limetamkwa mle ndani kwa miezi mingi. Mama akamwonyesha kiti, na wote watatu wakakaa. Saa kumi na dakika kumi ilipotimia, taa ikawaka, feni zikavuma, koti likaanza kupumua. Bisibisi akasimama.

"Kwanza, hili koti." Alilivua taratibu, akalikunja vizuri, akampa mama mikononi. "Feni ya mbele inavuta hewa. Kitambaa kinavutwa, kinaziba njia. Feni ikipunguza kasi, kitambaa kinaachia. Ndiyo maana kinaingia na kutoka. Mashine inakosa hewa, mama. Wewe ungevalishwa koti zito karibu na jiko, ungekuwaje?"

Mama alilikumbatia lile koti.

Bisibisi akazima kompyuta, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe kimoja cha kibodi. Ukatokea ukurasa wa maandishi ambao Kidoti hakuwahi kuuona.

"Haya ni maagizo ya ubao wenyewe. Ubao una betri ndogo ya mviringo, inatunza maagizo hata kama mashine imezimwa. Kidoti, soma hapa."

Kidoti akasoma kwa sauti. "Jiwashe kila siku. Saa kumi na dakika kumi alasiri."

"Nani kaandika?" mama akauliza.

"Aliyekuwa na ubao huu kabla yenu. Labda alikuwa anatoka kazini saa hizo, anataka aikute tayari. Hamkumjua, naye hakuwajua."

"Huo ndio muda wa mwanangu kurudi kutoka chuoni."

"Alikuwa anafika saa kumi na dakika kumi kamili?"

Mama alinyoosha mkunjo kwenye koti. "Saa kumi hivi," alisema mwishowe. "Siku nyingine kumi na nusu. Siku nyingine anachelewa mpaka nagomba."

Kidoti alitamani fundi aishie hapo. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyeendelea.

"Na ule mji? Mji nao unajifungua kwa betri?"

"Hapana," Bisibisi akasema. "Hilo ni la kwake kweli. Liko kwenye diski yake. Aliiagiza kompyuta ifungue gemu kila inapowaka. Hilo alilifanya kwa mkono wake."

Mama alilia. Bisibisi hakumkatiza. Alipotulia, fundi alichomoa umeme, akafungua ubavu wa boksi, akawaita wote wawili wasogee.

"Tazameni hapa, karibu na prosesa. Hii ni sehemu inayogawa umeme. Juu yake hukaa vipande vya chuma vya kupoza joto. Hapa kimoja hakipo, kimebaki alama ya gundi. Na huku ubao umebadilika rangi, umekuwa kahawia. Ndiyo ile harufu. Umeme ukivurugika hapa, unaweza kuondoka na diski."

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kwa hiyo mnahitaji ubao mwingine."

Mama alikitazama kile kigoda.

"Ukiutoa huu, hatakuja tena," alisema.

Bisibisi alirudisha bisibisi nyuma ya sikio. Kazi yake ilikuwa mashine, si msiba. Kidoti ndiye aliyepiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nimeogopa sana," alisema. "Nimeogopa hii mashine, lakini nakuogopea wewe zaidi. Unayumba asubuhi, unaficha. Nimeshamzika kaka. Sitaki kukuzika kwa sababu ya saa ya mtu tusiyemjua."

Mama akafuta macho kwa ncha ya lile koti.

"Toeni diski kwanza," alisema. "Mtengeneze nakala. Halafu huo ubao muuondoe nisiuone."

Kesho yake Bisibisi alitengeneza nakala mbili za diski. Alimkabidhi mama moja, akamwambia aiweke mbali na kompyuta. Kisha akakaa na Kidoti kwenye meza ya kukatia.

"Mama yako akipata mteja wa sare, anaanza na nini?"

"Vipimo."

"Wewe ulianza na rangi." Fundi alitabasamu kidogo. "Haya, tupime. Una prosesa gani?"

Kidoti akaandika jina la prosesa na namba yake yote.

"Ubao lazima uwe na tundu la prosesa hiyo hiyo. Ule wa kwanza uliingia kwa bahati tu. Na vijiti vya kumbukumbu vina vizazi, kijiti cha kizazi kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine. Hesabu na nafasi zenyewe, ukipata nne utaongeza baadaye. Boksi lako nalo lina ukubwa wake. Ukileta ubao mpana, tutaanza kukata chuma kama kanzu ndefu."

"Na ubao wa gemu una nini cha ziada?"

"Neno gemu kwenye katoni ya ubao halichezi gemu. Wala taa. Tazama ile sehemu ya umeme ina vyuma vizito vya kupoza, kwa sababu gemu inaichosha mashine kwa saa nyingi. Tazama nafasi ya kadi ya picha imeimarishwa, kadi ni nzito. Nyuma hesabu matundu: kibodi, kipanya, intaneti, sauti. Prosesa yako ni ya kati. Ubao wa kati, uliotengenezwa vizuri, unaitosha. Wa juu kabisa ni wa watu wenye prosesa kubwa kuliko yako."

"Na ukiwa umetumika?"

"Uliza ulikuwa wa nani na kwa nini umeuzwa. Tazama matundu yote, tazama alama za joto. Na usichomeke chochote kabla ya kufuta maagizo ya mwenye nao wa zamani. Kama huna uhakika, chukua mpya wenye dhamana."

Dukani, Bisibisi alisimama mlangoni, akakataa kuingia ili Kidoti achague mwenyewe. Muuzaji alimwekea Kidoti ubao wenye taa za rangi saba.

"Huu ndio wa gemu, dada. Ukiwaka ni harusi."

"Sehemu ya umeme haina chuma," Kidoti akasema.

Muuzaji akaugeuza ubao, kana kwamba hajawahi kuuona. Kidoti alikagua mbao nne. Mmoja haukuwa na tundu la prosesa yake. Mwingine ulikuwa na nafasi mbili tu za kumbukumbu. Alichagua wa nne, mweusi, mtulivu, wenye vyuma vinene na dhamana ya miaka mitatu. Alipotoka, Bisibisi aliupokea, akausoma pande zote, akamrudishia bila neno. Kidoti alijua hiyo ni sifa kubwa.

Waliufunga Jumamosi asubuhi. Kompyuta ikawaka vizuri. Boksi lilipoguswa lilikuwa na vuguvugu tu. Wakaizima, wakala, wakaendelea na kazi.

Saa kumi ikafika. Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. Dakika tano. Dakika tisa. Kidoti aliuma midomo. Dakika kumi zikafika, zikapita. Kona ilibaki na giza lake, na chumba kizima kikawa kimya mno. Ukimya ule ulimtisha Kidoti kuliko feni zilivyomtisha. Mama alikaa hivyo mpaka saa kumi na nusu, mikono mapajani.

Kisha akainuka, akaenda hadi kwenye kile kigoda, akakikalia yeye.

"Inawashwa wapi?" aliuliza.

Kidoti akamwonyesha kitufe. Mama alikibonyeza kwa kidole cha kati, kile anachovalia kastabini ya kushonea. Mji ukafunguka. Mtu wa Kepteni alikuwa mlangoni, amewapa mgongo.

"Namwingizaje ndani?"

Kidoti aliushika mkono wa mama, akauweka kwenye kibodi. Mtu yule akapiga hatua, mlango ukafunguka, wakaingia. Walitembea chumba hadi chumba mpaka jua likapungua dirishani, mama akikosoa ngazi zilizojengwa vibaya, akicheka, akilia, akicheka tena.

Wiki iliyofuata mama alikwenda kliniki, akarudi jioni na dawa zake. Kizunguzungu kikaisha. Kompyuta iko pale pale, haina koti, na kila mwezi Kidoti hupuliza vumbi. Juzi mteja mmoja wa zamani, aliyekuja kuchukua sare za mwanawe, aliitazama kwa wasiwasi.

"Mama Kepteni," alinong'ona, "bado inajiwasha?"

Mama alikata uzi kwa meno, akamkunjia sare zake.

"Haijiwashi," alisema. "Namwashia mimi, nikimkumbuka."