Wimbo wa Mwaka Themanini na Nne

Haya hayakunipata mimi, yalimpata mume wa binamu yangu, na anayetaka kucheka na acheke. Jamaa alikuwa mtangazaji wa redio. Tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Kila Jumamosi saa nne asubuhi aliendesha chemsha bongo ya nyimbo za miaka ya themanini: nani alipuliza tarumbeta katika wimbo gani, bendi ipi ilivunjika kwa ugomvi wa sare, mwimbaji gani alianza maisha kama fundi cherehani. Sheria ya kipindi ilikuwa moja tu. Msikilizaji akijibu sawasawa, wimbo wenyewe unapigwa hapo hapo, mkurugenzi apende asipende.

Wazee walikipenda sana kipindi kile, lakini shabiki wake mkubwa alikuwa binti yake wa miaka sita, waliyemwita Kifaranga. Mtoto yule aliongea tangu jogoo la kwanza mpaka usingizi umnyang'anye neno mdomoni. Kasuku alimpenda kuliko macho yake. Kipindi kikiisha tu, mtoto anapiga simu studio: "Baba, leo umekosea mara mbili!"

Sasa, Jumamosi moja Kasuku aliingia studio mikono mitupu. Wiki nzima alikuwa amekaa kivivu, na maswali yote yamekwisha. Mtu mwingine angerudia la zamani. Yeye, kwa kiburi chake, akatunga.

"Mwaka themanini na nne," akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "palikuwa na mwimbaji aliyerekodi wimbo mmoja tu. Binti yake wa miaka sita ndiye aliyeitikia. Tangu siku wimbo uliposikika redioni, mtoto yule hakusema tena. Mwimbaji huyo ni nani?"

Hata jina hakuwa amelitunga. Alijua hakuna atakayejibu, muda utasogea, yaishe. Na huyo mtoto wa miaka sita alimtia kwa sababu wake ndiye aliyekuwa moyoni, basi. Uongo nao hutafuta viungo jikoni kwako mwenyewe.

Simu ikaita. Mwanamume, sauti kavu, hana haraka. Hakusalimia. Akataja jina.

Lilikuwa jina la Kasuku. Lile la utotoni, alilopewa na bibi yake, na bibi alizikwa miaka ishirini iliyopita. Hata binamu yangu hakulijua.

"Umekosa," Kasuku akasema.

"Sijakosa. Pigeni wimbo."

Simu ikakatika. Kasuku akageukia kioo, upande wa pili alikokaa fundi mitambo. Fundi alikuwa ameshatoa santuri kwenye jalada lake na anafuta vumbi kwenye mistari yake ya duara kwa mkono wa shati.

"Umeipata wapi hiyo?" Kasuku akanong'ona.

"Maktaba, rafu ya themanini na nne. Kwani si wewe uliyeuliza?"

"Usiipige. Nakuomba, kaka, usiipige."

"Sheria ni yako, bwana." Fundi akacheka, akashusha sindano.

Gitaa likaanza. Halafu sauti ya mwanamume. Ilikuwa yake. Kasuku hakuwahi kuimba hata bafuni, lakini ilikuwa yake. Akaruka, akasukuma mlango, akaiondoa sindano. Wimbo haukukoma. Akachomoa waya ukutani. Haukukoma. Kikaja kiitikio.

Mtoto alikuwa anaimba. Kwa furaha kabisa. Na kithembe kilekile cha jino lililong'oka Jumatano.

Akapiga simu nyumbani. "Zima redio! Mke wangu, zima redio!"

"Nimezima," binamu yangu akasema, huku analia. "Alikuwa anaitikia, Baba Kifaranga. Neno kwa neno. Wimbo huo amejifunzia wapi? Sasa anafumbua mdomo, hakitoki kitu."

Jumamosi iliyofuata Kasuku alikwenda hewani akaungama. Nilitunga, akasema, mwimbaji hakuwepo, wimbo haukuwepo, nisameheni. Simu zikamiminika. Wazee walimcheka. Walisema wimbo ule wanaukumbuka vizuri, waliucheza kwenye harusi zao, na yule mtoto maskini walimwonea huruma tangu wakati huo. Maskini Kasuku aliweka kichwa mezani, akalia watu wakisikia.

Madaktari watatu wamemwona Kifaranga. Wawili walisema koo ni zima. Wa tatu, mama mtu mzima asiyependa porojo, alimulika kwa tochi, akamulika tena. Kisha akamwita Kasuku achungulie mwenyewe. Nyuma ya ulimi, nyama yote ya koo ilikuwa imechorwa mistari myembamba ya duara, mmoja ndani ya mwingine, imebanana, ikishuka chini mpaka mwanga unapoishia.

"Amemeza nini huyu?" daktari akauliza polepole.

Mtoto alikuwa anamtazama baba yake, mdomo wazi.