Shangazi Dafrosa Anatafuta Fundo

Nilikwenda kufuata maziwa tu, lita moja, kwa Malimi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku Nandagala mwaka juzi. Jua lilikuwa linazama. Njia ya mkato inapita nyuma ya nyumba ya marehemu shangazi Dafrosa, na siku zote naikwepa. Siku hiyo uvivu uliniponza.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Tadeo, mume wangu. Mimi ndiye niliyemuua.

Sikumgusa kwa mkono. Miaka minne ya ndoa sijashika mimba; siku zangu zinakuja zinavyotaka, mara baada ya miezi miwili, mara mitatu, na kila zikichelewa Tadeo anaanza kutabasamu peke yake. Ukoo ukasema Dafrosa kanifunga kizazi. Wakamvunjia mlango, wakamfukuza hadi Nambilanje, akafia huko kwenye kibanda cha watu.

Nami nilijua. Kabla ya kuolewa, nikiwa Nachingwea mjini, nilipata maambukizi ya kizazi. Nikapewa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya tano maumivu yalitulia, vilivyobaki nikavitupa chooni. Baada ya ndoa nesi mmoja akanieleza: "Mirija ina makovu, dada. Mlete mumeo tuongee." Cheti alichonipa nikakificha chini ya godoro. Neno moja tu lingemwokoa yule mzee, nikaona aibu. Aibu gani hiyo, jamani!

Basi, nikiwa nyuma ya ile nyumba, nikasikia harufu ya korosho zinachomwa, kama alizokuwa akichoma shangazi enzi zake.

Nikasimama. Paa limeanguka nusu, hakai mtu. Hapakuwa na moto wala moshi. Harufu ikazidi...

Krr... krr... krr...

Kucha kwenye kitambaa.

Alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo, kanga mapajani. Anaishika ncha, anaipapasa, anaigeuza, anaanza upya. Vidole vilikuwa vinatoka damu.

"Koleta," akanong'ona bila kugeuka. "Walisema nimefunga. Nalitafuta fundo, mwanangu, nilifungue nikalale. Silioni..."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Liko wapi? Wewe unajua."

Najua.

Mungu wangu, najua!

Kidumu cha maziwa kikaniponyoka. Nilikimbia, matawi ya mikorosho yakinichapa usoni. Hakunifuata. Ile sauti ilibaki palepale, ikikwaruza, na bado niliisikia hadi nafika uani kwetu.

Tadeo alinidaka mlangoni. "Mke wangu, umeona nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Cheti kilikuwa hatua tano tu kutoka tuliposimama. Nikafumbua mdomo.

"Shangazi," nikasema. "Nimemwona shangazi. Anasema hakufunga yeye."

Tadeo akakaa chini. Machozi yakamtoka, mwanaume mzima, na kwa dakika moja nilidhani yameisha, kwamba tutamwombea misa na kunyamaza.

"Kumbe tulimwonea," akasema. Akajifuta uso kwa kiganja. "Basi aliyefunga bado yuko hai."

Taratibu akageuza shingo kutazama nyumba ya jirani. Bibi Teodosia, mjane, alikuwa uani kwake akipepeta ufuta, anaimba wimbo wa kanisani.

"Anaishi peke yake yule, eti?" Tadeo akauliza.

"Ndiyo," nikajibu.

Nikaingia jikoni kusonga ugali.