Ziwa Lililovuliwa Shela

Mwanamume asiyemiliki hata kitana hawezi kurudi kutoka kazini nywele zimechanwa. Hilo ndilo lililomkera mke wa Bwana Shabu jioni ile, mumewe alipoingia nywele mbichi zimelazwa upande, shingo inanuka tope la ziwani.

Jina hilo watu walimbandika kwa utani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumwaga shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, kwenye ziwa la mji. Ziwa lilikuwa limeoza kwa majitaka, juu limetandwa na ukoko wa kijani mzito kama blanketi. Samaki walielea matumbo juu, na watoto waliugua kila mara. Yeye alizunguka na boti akimwaga dawa, nayo ikaukamata uchafu na kuuzamisha, mpaka watu wakauona mchanga wa chini ambao hata babu zao hawakuwahi kuuona.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akijivuna kwa hilo. Sasa alishikwa na wivu. Alimuuliza nani anamchana. Mumewe akasema ni upepo.

"Upepo gani huo unaochana kwa upande?"

Mumewe akazima taa. Akalala amempa mgongo, akawa anacheka usingizini kama mtu anayetekenywa.

Adhuhuri moja mke alifunga cherehani, akaenda kujibanza nyuma ya banda la pampu. Boti ilikuwa imefungwa gatini, na mumewe ameinama ukingoni mwa boti, ananong'ona. Mke alidhani atamfuma na mtu, lakini botini hapakuwa na mtu mwingine. Ila alipoitazama sura ya mumewe ndani ya yale maji maangavu aliona kwamba huko chini hakuwa peke yake, kwamba mwanamke mwenye nywele ndefu za kijani alikuwa ameketi ubavuni pake, anamchana polepole kwa kucha, na kwamba huku juu, pasipo mkono wowote, nywele za mumewe zilikuwa zikilala zenyewe, mstari baada ya mstari. Kisha yule mwanamke akainua macho, akamtazama mke moja kwa moja, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyealikwa.

Mke aliondoka mbio. Alikwenda kwa shangazi wa mumewe, mganga aliyezoea mambo hayo. Shangazi akamkalisha mpwawe sebuleni, akamfukiza ubani, akamwita aliyemo ajitambulishe. Sauti ikatoka kinywani mwa Bwana Shabu, nyororo, ya kike.

"Nilikaa nimefunikwa. Huyu ndiye aliyenivua shela. Anayemvua bibi harusi shela ni nani, kama si mumewe?"

Shangazi akamwambia mpwawe kwamba hata mke wa kijini huachwa kwa talaka, amtamkie mara moja yaishe. Bwana Shabu akafumba mdomo, akang'ata midomo mpaka ikatoka damu. 

"Mwanangu," shangazi akamnong'oneza mke ukumbini, "jini ninamuweza. Mtu asiyetaka kuacha simuwezi. Labda huyo jini afunikwe tena."

Aliyasema kama mtu aliyekata tamaa. Mke aliyasikia kama dawa.

Mvua kubwa iliponyesha, alichukua funguo mfukoni mwa suruali ya mumewe, akaenda kwenye lango la chuma lililozuia mfereji wa majitaka ya mji usiingie ziwani. Aliwajua watoto wanaochota maji ziwani. Baadhi yao aliwashonea sare kwa mkono wake. Akafungua.

Majuma machache baadaye ukoko wa kijani ulitanda tena, samaki wakaelea, na harufu ikaingia mpaka vyumbani. Nywele za Bwana Shabu zikarudi kusimama ovyo. Alikula, akamgeukia mkewe kitandani, akamwita kipenzi. Kwa kazi yake iliyoharibika alilia kama mtoto, na mkewe akamkumbatia, moyo umetulia kwa namna iliyomtisha mwenyewe.

Asubuhi moja alimkuta anavaa mabuti. Shehena mpya ya shabu imefika, alisema, anaanza upya.

Mke akamsihi aiache kazi ile, wahame, waende popote.

"Siwezi. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Bwana Shabu alitabasamu, akageukia dirisha linalotazama ziwa, na taratibu akainamisha kichwa upande, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kumchana.