Amelberga Hakatwi

Jumatatu Joris Verhulst alikwangua kilo mbili za shaba tumboni mwa kengele. Jumanne asubuhi akaipima tena, na kilo mbili zilikuwa zimerudi.

"Mizani imezeeka kama wewe," Wannes, mwenye kiwanda, alimtania. "Au bia ya jana bado imo kichwani?"

Joris alicheka kicheko cha meno tu. Miaka thelathini alikuwa akirekebisha sauti za kengele: unaikereza kwa ndani, sauti inashuka, na shaba ikishatoka ndiyo imetoka. Hii ilirudi, tena ilinuka udongo mbichi.

Ilikuwa Amelberga, kengele pekee ya mnara wa mji iliyosalia tangu zamani. Wakati wa vita Wajerumani waliposhusha kengele zote wakaziyeyushe, mpigaji wake, Sander, aliizika kwenye shamba la viazi. Walimpiga risasi na hakusema iko wapi. Sasa mji ulitaka seti yake irudi, Amelberga pamoja na mpya arobaini na sita. Tatizo, sauti yake ilikuwa juu kidogo ya kipimo.

Joris akakata kilo tatu. Jioni mkewe, Lutgart, alikuwa jikoni ameshikilia sketi isimwanguke.

"Joris, mbona nguo zinanikimbia?"

"Si ulitaka kupungua?"

"Kwa siku mbili, bwana wee?" Akacheka, akakohoa, na sauti ile iliyoongoza kwaya ya kanisa ikatoka imekwaruza.

Jumatano kilo tatu zilikuwa zimerudi. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini ubishi wa fundi, Mungu atunusuru nao! Akakata kilo tano. Mchana, mashine imezimwa na wenzake wamekwenda kula, kengele ikaanza kuvuma yenyewe, polepole, na ndani ya mvumo ule akasikia kikohozi cha mkewe, kikavu, karibu kabisa na sikio lake, kikirudia na kurudia huku harufu ya udongo ikimjaa kooni, hata akatoka mbio bila koti mpaka nyumbani, akamkuta Lutgart sakafuni, akamwinua, naye alikuwa mwepesi kama kapu la nguo.

Alikimbilia kwa Bibi Romanie, nyuma ya kanisa. Kengele ilipobatizwa mwaka wa 1931, kama ilivyo desturi ya huko, huyu, binti wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa mama yake wa ubatizo.

"Uliniomba ruhusa?" bibi alinong'ona alipokwisha kusikia yote.

"Ya nini, bibi?"

"Ya kumkata mtoto wangu! Marehemu baba yako hakugusa kengele kabla ya kubisha hodi kwa mama yake. Sander alikufa ili huyu asiguswe, na roho yake bado imo humo ndani ya kengele. Wewe unakata, yeye anajazia. Anajazia kwa kilicho karibu na mkono wako."

"Nifanyeje sasa?"

"Mwache alivyo. Hizo mpya bado nene. Zikate zimfuate yeye."

"Arobaini na sita, nje ya kipimo? Mafundi wenzangu watanicheka!"

"Kwani wake unao wangapi?"

Joris akakubali kuzikata zile mpya. Bibi alikwenda kiwandani, akaipaka Amelberga maji ya baraka, akaiita jina mara tatu na kuiomba radhi. Harufu ikaondoka. Lutgart akaanza kula.

"Na alichokwisha kuchukua?" Joris aliuliza mlangoni.

"Hilo sijui, mwanangu."

Majira ya kuchipua kengele zilipandishwa mnarani. Uwanja ulijaa, watu wazima wakalia machozi, na hakuna aliyeuliza habari za kipimo. Joris alisimama na mkewe, roho yake imetulia kwa mara ya kwanza.

"Leo tupike kome," Lutgart alisema, "au tu—"

Saa ya mnara ikafika kasorobo. Amelberga ikalia mara moja. Lutgart akabaki mdomo wazi, hapumui, hapepesi jicho, na juu mnarani ikasikika sauti yake mwenyewe, ile ya kwaya, safi kabisa. Mlio ukadumu, ukadumu, ukafifia.

"—nunue nyama?" akamalizia, midomo imekuwa ya buluu. "Mbona unanitazama hivyo?"

Ilikuwa saa sita kasorobo. Saa sita kamili ya adhuhuri Amelberga ilipangiwa kulia mara kumi na mbili mfululizo, bila nafasi ya mtu kuvuta pumzi, na ngazi za mnara ni mia tatu na sitini. Joris akaanza kukimbia.